Uzi wa mnavu: mboga ya mvua, dawa ya wazee, na vile vitunda vya kijani vilivyomlaza mwanetu

BintiKitangari

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo.

Naanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo lililonikuta nyumbani wiki iliyopita, na pia kwa sababu naona mnavu unasemwa vibaya kotekote. Wapo wanaoapa kwamba ni sumu tupu, tena ung'olewe. Wapo wanaouuza kama dawa ya kila maradhi. Sisi tuliolelewa nao tumenyamaza katikati.

Huku Mtwara mvua ikishakolea, mnavu hausubiri kupandwa. Unaota kando ya jalala, pale palipochomwa takataka, kwenye zizi la mbuzi lililohamwa, katikati ya muhogo baada ya palizi ya kwanza. Ndege wanakula vitunda na kuziacha mbegu popote wanapotua. Kwangu Chuno umeota nyuma ya jiko. Sikuung'oa, maana ndiyo mboga yetu ya jioni mara mbili tatu kwa wiki mpaka mvua zikatike.

Sasa, mtoto wa mdogo wangu ana miaka mitano. Alikuwa anacheza huko nyuma na wenzake waliomzidi umri. Wale wakubwa walichuma vitunda vyeusi vilivyoiva wakala, kama tulivyokula sisi tukitoka shule. Yeye vyeusi hakuvipata, vilikuwa vimekwisha. Akachuma vya kijani, konzi nzima, akatafuna. Magharibi akaanza kulalamika tumbo. Akatapika, akatapika tena, ukafuata uharo, hadi saa nne usiku mwili ulikuwa umelegea kama kitambaa kibichi. Jirani mmoja alisema nimtie vidole kooni, mwingine akaja na mafuta ya kupikia ili nimnyweshe. Sikufanya hata moja. Nilimbeba mgongoni, nikakata tawi la ule mnavu likiwa na vitunda vyake, nikaingia kwenye bajaji.

Lile tawi ndilo lililosaidia. Daktari alipouliza amekula nini nilimwekea mezani, na akajua la kufanya. Mtoto alitundikiwa dripu, tukalala usiku mmoja wodini. Sasa ni mzima, anakimbia.

Kilichoniuma zaidi ni kilichofuata. Jirani yangu alikuja kutupa pole akiwa na chupa ya maji ya nusu lita yenye kimiminika cha kijani kibichi. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni dawa ya vidonda vya tumbo aliyouziwa shilingi elfu tano: majani mabichi ya mnavu na vitunda vyake vimesagwa pamoja, unakunywa vijiko vitatu asubuhi kabla ya kula chochote. Vitunda vilevile! Alikuwa anakwenda kunywa kilichokuwa kimetoka kumlaza mwanangu.

Ndiyo maana nataka tuuzungumze mnavu kwa ukamilifu wake. Mimi naanza na ninachokijua vizuri, nacho ni sufuria.

Bibi yangu kule Kitangari, wilayani Newala, alikuwa na sharti moja: mnavu unachumwa kabla haujachanua. Unachuma ncha, yaani lile jani la juu na mawili matatu yanayofuata, na shina likiwa laini kiasi cha kuvunjika kwa kucha. Ukiona vile viua vyeupe vyenye moyo wa njano, majani yamekwisha kuwa machungu, huyo mwache azae mbegu. Alichambua majani, akayaosha maji mengi mara tatu kwa sababu ya mchanga, kisha akachemsha maji peke yake kwanza. Maji yakitokota ndipo mboga inaingia. Dakika kumi hivi, anaichuja na kuyamwaga yale maji ya kijani, anaikamua kidogo kwa mwiko.

Hapo ndipo korosho inaingia. Sisi watu wa Newala tunaiunga kwa korosho zilizobanguliwa, hasa zile za vipande ambazo hazina bei sokoni. Zinatwangwa kwenye kinu mpaka zilainike kama unga wenye mafuta, zinakorogwa kwa maji ya vuguvugu. Unakaanga kitunguu na nyanya mbili, unatia mboga, unamimina ule uji wa korosho, unapunguza moto na kukoroga usije ukashika chini. Chumvi mwisho. Unaipua inapokuwa nzito na mafuta yameanza kujitenga pembeni. Kwa ugali wa makopa, jamani, hata samaki humkumbuki.

Ule uchungu kidogo unaobaki unakutana na utamu wa korosho. Ukiumaliza uchungu wote umeipoteza mboga.

Karibuni mnaojua zaidi, hasa upande wa dawa.

---

MkulimaNachingwea

Pole sana dada, na tunashukuru Mungu mtoto amepona.

Niongeze la kutambua, maana makosa mengi yanaanzia shambani. Mnavu tunaoula hauna miiba. Jani lake ni laini, viua vyake ni vidogo kama vya nyanya ila vyeupe, na vitunda vinaning'inia vichache vichache kwenye kikonyo kimoja, kila kimoja saizi ya punje ya mbaazi au chini yake. Vikiiva vinakuwa vyeusi au zambarau. Ipo pia aina ambayo vitunda vyake vinaiva vikiwa vya rangi ya chungwa. Wote ni ukoo mmoja, na wataalamu wanauhesabu kuwa na spishi kadhaa.

Tunguja, au ndulele kwa wengine, ni ndugu yake lakini si mboga. Ule una miiba, jani lina vumbi la kijivu likishikwa, na tunda ni kubwa, la njano, kama nyanya chungu. Huo usiingie jikoni kabisa.

Wa kuogopa kuliko wote ni mnanaha. Unaota palepale panapoota mnavu, jalalani na zizini, na ukiwa mchanga mtu mwenye haraka anaweza kuuchuma pamoja na mnavu. Jani lake lina meno makubwa na ukilifikicha linanuka vibaya. Ua lake ni tarumbeta nyeupe inayosimama peke yake, na tunda lake ni kifuko chenye miiba. Sumu yake haifanani na ya mnavu: aliyekula mnanaha mdomo unakauka, mboni za macho zinapanuka, anaanza kuweweseka na kushika vitu visivyokuwepo. Ukiona dalili hizo usipoteze dakika.

---

MpishiMikindani

BintiKitangari umenikumbusha marehemu mama. Ila sisi watu wa pwani tutakugombeza kidogo kuhusu korosho! Mnavu ni wa nazi.

Kuna nazi mbili, yaani tui jepesi na tui zito, na kila moja ina wakati wake. Mboga ikishachujwa unaipika kwa tui jepesi pamoja na kitunguu, nyanya na pilipili mbichi nzima usiyoipasua. Ikishaiva na tui limepungua ndipo unatia tui zito, na kuanzia hapo hufuniki, hukoroga kwa nguvu, unalizungusha sufuria tu mpaka lichemke mara moja. Ukiacha litokote sana linakatika, mboga inaonekana kama imetiwa maziwa yaliyoganda. Ukipenda tia dagaa wakavu waliokaangwa, au kamba wadogo.

Swali langu: haya maji ya kumwaga. Mimi nimefundishwa kutomwaga, kwamba ndiyo yenye vitamini. Nani yuko sahihi?

---

NesiMstaafu

Wanangu, nimesoma uzi wote. Nimefanya kazi wodi za watoto huku Lindi miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, mnivumilie.

Kwanza mtoto. BintiKitangari, mwanangu, ulifanya sawasawa kwa kila hatua. Mtoto aliyekula kitu chenye sumu asitapishwe kwa vidole, anaweza kupaliwa na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Mafuta ya kupikia hayaondoi sumu yoyote. Na kubeba tawi la mmea ni jambo ambalo ningependa kila mama alijue.

Sumu yenyewe ni ya kundi moja na ile ya kiazi mviringo kilichopigwa na jua kikawa kijani. Inaitwa solanini, na ina ndugu zake wanaofanana nayo. Mnavu, kiazi, nyanya na bilinganya ni familia moja, na familia hiyo inajilinda kwa sumu hizo dhidi ya wadudu na wanyama. Katika mnavu sumu inakaa nyingi zaidi kwenye vitunda vibichi vya kijani. Kitunda kinapoiva inapungua sana, kwa sababu sasa mmea unataka ndege waje wale na kusambaza mbegu. Ndiyo maana wale watoto wakubwa waliokula vyeusi hawakuumwa, na huyu mdogo aliumwa. Dalili zake ni hizohizo ulizozieleza: tumbo kukata, kutapika, kuharisha, mwili kulegea, na kichwa pia huweza kuuma. Mtu mzima aliyekula vichache anaweza kuugua siku moja na kupona. Mtoto wa miaka mitano ana mwili mdogo, na maji yanamwishia haraka.

Sasa maji ya kuchemshia. MpishiMikindani, wote wawili mna haki. Moto wa jikoni kwetu hauivunji solanini, inastahimili joto la maji yanayochemka. Inapungua kwenye mboga kwa kuhamia kwenye maji. Ukiyamwaga umepunguza uchungu na sumu kwa pamoja. Lakini vitamini C na asidi ya foliki nazo zinapenda maji, zinaondoka pia. Kwa hiyo angalia mboga uliyo nayo. Ncha changa za mnavu wenye majani mapana usio mchungu, huu unaopandwa bustanini, pika kwa maji kidogo na usimwage. Mnavu pori wenye jani dogo na uchungu wa kukunja uso, chemsha na kumwaga mara moja. Bibi wa Kitangari alijua anachokifanya.

Kitu kimoja wote wawili mnakifanya kizuri bila kukitaja. Rangi ya kijani iliyokolea ya mnavu ina beta-karotini ndani yake, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na hiyo haifyonzwi vizuri bila mafuta. Tui na korosho ndizo zinazoipitisha. Nilikuwa nawaambia akina mama kliniki: mnavu wa kuchemsha na chumvi mnamlisha mtoto nusu ya mnavu. Na madini ya chuma yaliyomo, mwili unayachukua vizuri zaidi ukikamulia ndimu mezani. Chai ya rangi iache ipite saa moja baada ya chakula, maana inayazuia.

Magadi msitie. Yanalainisha mboga upesi na kuipa rangi nzuri, lakini yanaharibu vitamini C.

---

MjombaMasasi

Mpwa wangu wa Kitangari, pole na hongera kwa kulileta hili. Mimi si mganga, ila nimekulia kwa babu aliyekuwa anatibu kijiji, nilikuwa namshikia kikapu cha dawa.

Mnavu aliutumia kwa mambo matatu ninayoyakumbuka. Jipu, hili ndilo la kwanza. Jipu lililovimba, jekundu, lisilopasuka bado, alichukua majani, akayatwanga, akayapasha kwenye gae la chungu juu ya makaa mpaka yawe ya joto la kuvumilika, akayabandika kuzunguka uvimbe na kufunga kwa kitambaa safi. Asubuhi anabadili. Siku ya pili au ya tatu jipu linaiva na kupasuka lenyewe. Hakuwahi kuyaweka kwenye kidonda kilicho wazi, na alikuwa mkali kwa hilo.

La pili ni kuvimba baada ya kuanguka, namna ileile.

La tatu lilikuwa chakula zaidi ya dawa. Mama aliyetoka kujifungua alipikiwa mnavu kwenye mchuzi wa kuku wa kienyeji kwa siku kadhaa, wanasema unarudisha damu.

Kunywa mbichi hakunywesha mtu. Vitunda hakuvitia kwenye dawa yoyote. Nikiona sasa kijana wa stendi anauza chupa na kusema ni dawa ya wazee wa kusini, nashangaa ni wazee gani hao.

---

NesiMstaafu

Mjomba, shikamoo. Babu yako alikuwa mtu makini. Majani ya joto juu ya jipu lililofungika yanasaidia, na joto lenyewe ni sehemu kubwa ya tiba. Kidonda kilicho wazi ni habari nyingine: majani ya jalalani yana udongo, na udongo una vijidudu vya pepopunda. Na naomba mtu yeyote asidondoshee jicho maji ya mnavu. Nimewahi kupokea watoto waliodondoshewa majani ya kila aina, na jicho likiharibika halirudi.

Kuhusu damu ya mzazi: mnavu uliopikwa ni mboga nzuri sana kwa mjamzito na aliyejifungua. Lakini vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki asiviache eti kwa kuwa anakula mnavu kila siku. Chuma cha mboga za majani kinaingia mwilini kidogo kidogo, na mama mwenye upungufu mkubwa wa damu hana muda huo.

---

KijanaRuangwa

Wakubwa shikamooni. Nina maswali mawili. Mama yangu ana vidonda vya tumbo na ameshaanza kunywa juisi kama hiyo ya jirani wa BintiKitangari, wiki ya pili sasa. Anasema anajisikia nafuu. Nimzuie vipi mtu anayesema amepata nafuu? La pili, baba anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, anapenda sana mnavu. Je, ana ruhusa?

---

NesiMstaafu

Mwanangu, kwanza mama. Vidonda vya tumbo kwa kawaida vinapanda na kushuka vyenyewe, mtu anaweza kukaa wiki tatu bila maumivu kisha yakarudi. Akiwa anakunywa kitu katika wiki hizo, atakisifia hicho. Sehemu kubwa ya vidonda hivi inasababishwa na kijidudu kiitwacho helikobakta, kinachoishi ndani ya tumbo lenyewe, au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Kijidudu kinapimwa hospitali na kinatibiwa kwa dawa za kuua bakteria pamoja na za kupunguza asidi, siku kumi hadi kumi na nne, na wengi wanapona kabisa.

Ni kweli mnavu umejaribiwa kwa panya wa maabara wenye vidonda vya tumbo na ukaonyesha matumaini. Watafiti wale walipima kiasi, walijua wametumia sehemu gani ya mmea. Chupa ya stendi haina kipimo, na huyu muuzaji anatia vitunda vya kijani humohumo. Usigombane naye mama. Mwambie: mama, twende tukapime kijidudu kwanza, ukirudi mnavu tutaupika. Akianza kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, hapo hamna mjadala, ni hospitali usiku huohuo.

Baba. Kama dawa yake ni wafarini, mboga zote za kijani kibichi zina vitamini K, na vitamini K inaipunguzia nguvu dawa hiyo. Hakuna haja ya kuacha mnavu. Tatizo ni kula sufuria nzima wiki hii na wiki ijayo asiguse. Ale kiasi kilekile kila wiki, na amweleze daktari anachokula ili kipimo cha dawa kiendane nacho. Wazee wetu hawapendi kumwambia daktari habari za mboga, msaidie kusema.

Kuhusu wauzaji: nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na kuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muhimbili ipo taasisi nzima ya tiba asili, ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Kwa hiyo mtu anayejua mmea wake hana sababu ya kujificha nyuma ya chupa isiyo na jina. Muulize amesajiliwa wapi.

---

MwalimuNdanda

Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, nafundisha huku mwaka wa kumi na moja. Kwetu tunauita mnafu, na nilipofika Ndanda nilifurahi kuukuta umejaa nyuma ya nyumba za walimu ila watu wanaupita, wanakimbilia matembele na kisamvu. Nikaanza kuuchuma, majirani wakanitazama, sasa tunachuma pamoja.

Kenya wanauita managu, na Wajaluo wanauita osuga. Wenye ng'ombe wanaupika kwa maziwa, wengine wanaulaza humo usiku kucha ili uchungu uishe. Kamerun unakuta mboga hii na ugali wa mahindi, wanaiita njama njama. Madagaska wanauita anamamy. Nimeona nitaje haya kwa wale wanaosema kwamba ni majani ya njaa.

Vile vitunda vya aina yenye majani mapana vina rangi ya zambarau inayoshika sana. Vimewahi kutumika kama wino sehemu mbalimbali za Afrika. Nilijaribu na darasa langu la tano: tulikamua vilivyoiva kabisa, tukachuja kwa kitambaa, tukaandika kwa unyoya wa kuku. Watoto walinawa mikono siku mbili rangi haijatoka. Na somo la kijani na cheusi waliondoka nalo bila mimi kulisema mara ya pili.

---

MkulimaNachingwea

Nimerudi, kuna jambo la mikorosho ambalo lazima lisemwe kwa watu wa mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara.

Mnavu unapenda kivuli chepesi na udongo wenye majani yaliyooza, kwa hiyo chini ya mikorosho unastawi. Mvua zikikatika, unaobakia ni ule wa mabondeni na wa chini ya miti. Na hapo, kuanzia mwezi wa sita, ndipo tunapopuliza salfa kwa ajili ya ubwiriunga, ugonjwa ulioingia kwenye mikorosho yetu mwishoni mwa miaka ya 1970 na haujatuacha. Wengine wanapuliza dawa za maji, na juu yake viuadudu vya mbu wa mikorosho. Vumbi lote linashuka chini. Salfa unaiona kwa macho na kuinusa, viuadudu huvioni. Nimeona akina mama wanachuma mboga chini ya mti uliopulizwa asubuhi ileile, wanasema tutaosha. Kuosha hakutoshi. Kuanzia upulizaji wa kwanza mpaka mavuno ya korosho yaishe, mboga ya chini ya mikorosho iacheni. Pandeni karibu na nyumba.

Na kupanda si kazi. Chukua vitunda vilivyoiva kabisa mpaka vinalainika, viponde kwenye bakuli la maji, viache siku moja au mbili nyama iachane na mbegu, suuza kama unavyosuuza mchele. Mbegu nzuri zinazama. Zianike kivulini, si juani. Ni ndogo sana, kwa hiyo changanya na mchanga au jivu wakati wa kusia. Miche ikifika urefu wa kiganja hamishia kwenye tuta lenye samadi ya mbuzi iliyooza. Baada ya mwezi mmoja hivi unaanza kukata ncha, na ukikata unachipua matawi zaidi. Vikonyo vya maua vikatwe vinapojitokeza, mboga inadumu.

Usipande pale ulipotoa nyanya au bilinganya. Ni ndugu, wanarithishana mnyauko na minyoo fundo. Wanaotaka mbegu zilizoboreshwa waulizie kwenye duka la pembejeo aina ziitwazo Nduruma na Olevolosi, zimetokana na kazi ya watafiti wa mboga wa Arusha. Majani yake ni makubwa na uchungu ni mdogo.

---

MpishiMikindani

Nesi, shikamoo na asante, leo nimeelewa kwa nini mama alimwaga na bibi mzaa baba hakumwaga. Mama alichuma porini, bibi alikuwa na bustani kisimani. Kumbe hawakupingana.

Nitajaribu ya korosho Jumapili, nitarudi kusema.

---

KijanaRuangwa

Mrejesho. Mama amekubali kupima. Nilimpa simu asome mwenyewe maneno ya Mjomba kwamba babu hakunywesha mtu mnavu mbichi. Hilo ndilo lililomgusa, kuliko yote niliyosema mimi. Tunakwenda Jumatatu.

---

BintiKitangari

Wakubwa zangu, mmenipa zaidi ya nilichokiomba. Nesi, Mjomba, naomba afya na umri kwa ajili yenu.

Nimemsomea jirani uzi huu jana jioni, tumekaa kwenye mkeka. Ile chupa ameimwaga mwenyewe shimoni. Amesikitika shilingi zake elfu tano, nami nimesikitika pamoja naye, ni hela ya siku mbili kwa mtu anayeuza maandazi. Kisha tukachuma ncha, nikampikia kwa korosho, akala na watoto wake.

Mnavu wa nyuma ya jiko sikuung'oa. Nimekata vikonyo vyote vyenye vitunda vya kijani na kuvifukia shimoni. Nimeacha miche miwili tu ikomae, nimeizungushia matete mtoto asifike. Jana nimemwonyesha mwanangu vitunda viwili kwenye kiganja, cheusi na cha kijani. Nikamuuliza kipi kilikuumiza. Akaficha mikono nyuma, akanionyesha cha kijani kwa kidevu.

Mbegu za kwanza nimezisuuza kama alivyoelekeza MkulimaNachingwea, zimo kwenye ungo kivulini. Aliye karibu na Chuno aje na karatasi nimfungie.